Kupiga picha baa ya mjini Tanga jioni ya kipupwe: unaanza na ukuta, kamera baadaye

Desemba moja nilipewa kazi ya kupiga baa iliyoko hapa Tanga mjini, mitaa ile ya karibu na bahari, mwenyewe anataka picha ya mbele ya jengo lina jua la jioni aiweke kwenye ukurasa wake na kwenye bango. Nikaenda saa 11, nikakaa mpaka saa 12 na nusu, mbele ya jengo kivuli tupu, jua liko nyuma ya nyumba huko linamulika choo na kreti za chupa. Kesho yake nikarudi, hivyo hivyo. Nilichompelekea ni picha ya kijivu ambayo hata mimi ningekuwa yeye nisingelipa, na kweli hakulipa yote, sikumlaumu. Basi mwezi wa saba napita pale pale, saa ile ile, nataka maji tu ya kunywa, nikakuta ukuta wote wa mbele unang'aa kama umepakwa samli. Kamera nimeiacha nyumbani.

Siku hiyo ndo nilijua nilichokosea Desemba wala hakikuwa kamera. Kwahiyo mwongozo huu nauanzia hapo, mambo ya kubonyeza vitufe tutayafikia yakifika.

Hatua ya kwanza: jua liko upande gani

Watu wanasema jua linazama magharibi, sawa, ila sio magharibi ile ile mwaka mzima. Tanga tuko nyuzi 5 na kidogo kusini mwa ikweta, kwahiyo kuanzia mwisho wa Machi mpaka Septemba kwenye tarehe 23 hivi, jua la jioni linazama limeegemea kaskazini, na mwezi wa sita na wa saba linaegemea mpaka mwisho wake, kama nyuzi 22 au 23 kutoka magharibi kamili. Desemba linahamia upande wa pili, linazama limeegemea kusini.

Sasa angalia mji wetu ulivyokaa. Bahari iko kaskazini, ukisimama pale bustani ya Jamhuri unaitazama ghuba na kisiwa cha Toten mbele yako, maana yake majengo yote yanayotazama bahari yanatazama kaskazini. Kipupwe yanapigwa jua la jioni usoni kwa ubavu, Desemba yanakuwa yameligeuzia jua mgongo. Ndo kilichonikuta. Na kama baa yako inatazama kusini basi mambo ni kinyume, subiri Desemba au Januari, usijitese mwezi wa saba.

Kama hujui baa inatazama wapi usikisie, hasa Ngamiani kule kwenye barabara za namba ambako mitaa inafanana mpaka mgeni anapotea kati ya barabara ya nane na ya tisa. Fungua dira ya simu, simama mlangoni ukiangalia nje, soma. Ikisema kaskazini au kaskazini magharibi, kipupwe ni chako. Magharibi kamili nayo nzuri mwaka mzima, ila mwanga unakuja usoni moja kwa moja, ukuta unaonekana bapa. Ule wa ubavu ndo mtamu, kwasababu unatambaa juu ya ukuta na kila kitu kilichojitokeza kinatupa kivuli chake, rangi iliyobanduka, misumari ya bango la zamani, chokaa iliyovimba kwa chumvi ya bahari. Nyumba zetu za zamani zimejaa vitu hivyo na saa sita mchana huvioni kabisa.

Hatua ya pili: nenda siku moja bila kamera

Agiza soda au chochote unachokunywa, kaa kuanzia saa 11 kamili, uangalie tu. Kuna kitu dira haikwambii, jengo la jirani. Jua la kipupwe likiwa limebaki saa moja kuzama, kivuli cha kitu chochote kinafika mara nne ya urefu wake, zikibaki dakika 45 kinakaribia mara sita. Ghorofa ya mita nane iliyoko upande wa magharibi inaweza kukuzimia ukuta wako ikiwa hata mita arobaini mbali. Kwahiyo jua kuzama saa 12:20 na kitu haimaanishi una mwanga mpaka saa 12:20, nina baa moja naijua mwanga unakufa ukutani saa 12 kasoro tano, kila siku, kuna mwembe mbele huko hauna huruma.

Andika saa mwanga unapofika mlangoni na saa unapoondoka. Angalia na wapi magari yanapaki, maana hakuna kinachoudhi kama kungoja mwanga wiki nzima alafu bajaji inakuja kujipaki mbele ya mlango dakika ile ile. Dereva ukimwomba vizuri anasogea, ila umwombe mapema, ukimwomba kwa papara anaona unamfukuza.

Hatua ya tatu: ruhusa, na hapa usiruke

Baa sio ufukweni. Tanga ni mji wa watu wanaofahamiana, mtu anayekunywa bia yake taratibu pale kona inawezekana nyumbani wanajua yuko msikitini, au yuko safarini Korogwe, au yuko na mtu ambaye sio wa nyumbani. Picha yako moja inaweza kuvunja nyumba. Na siku hizi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, sura ya mtu sio mali yako kwasababu tu ulikuwa na simu mkononi.

Mimi naanza na mwenye baa, alafu kaunta, alafu meza kwa meza. Mama mmoja mwenye baa ninayoipiga mara nyingi, mazungumzo yetu yanaendaga hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, umekuja na bunduki yako tena?"

"Leo sipigi watu mama, napiga nyumba."

"Nyumba haina neno. Ila yule mzee wa pale nguzoni kamwulize mwenyewe, mi simsemei."

Naenda kwa mzee, shikamoo, namwonyesha kwenye kioo nitakachopiga, namwambia wewe hutoonekana, utaonekana mgongo na kofia tu. Akisema hapana ni hapana, nasogeza kamera. Mara moja kabla sijajifunza adabu hii jamaa alinyanyuka mezani ananijia, "we dogo, hiyo umenipiga mimi?", na kweli nilikuwa nimempiga, na pembeni yake alikuwepo dada. Nikaifuta mbele ya macho yake. Akaniambia nifungue na lile kapu la vilivyofutwa nifute na huko. Alikuwa anajua simu kuliko mimi bana.

Kingine, ukiwa upande wa bahari kumbuka bandari iko hapo hapo, usielekeze lenzi huko wala kwenye vituo vya polisi. Mlinzi akikuita itika na umwonyeshe ulichopiga, ukianza kubishana dakika ishirini zimeisha na mwanga ndo huo.

Hatua ya nne: vifaa

Simu inatosha. Ukiwa na kamera beba lenzi moja tu ya katikati, ya milimita 35 au 50. Kitambaa safi cha kufutia lenzi ni lazima, kusi, yaani upepo wa kusini wa miezi hii, inaleta chumvi na unyevu, na lenzi ya simu muda wote iko mfukoni na jasho lako, usipoifuta kila taa itakuwa na ukungu kuizunguka, alafu unadhani ndo sanaa. Kama umetoka kwenye gari lenye eisi, iache kamera ndani ya begi huko nje mpaka ipate joto kabla hujaifungua, la sivyo kioo kitashika ukungu. Stendi ndogo kama unayo. Fleshi iache nyumbani.

Hatua ya tano: hesabu ya dakika

Hapa naomba tuelewane, maana vijana wengi wanaangalia video za Ulaya alafu wanakuja kupiga Tanga kwa saa za London. Kule Desemba jua halipandi juu, hata mchana wa saa sita linafika nyuzi 15 tu, kwahiyo siku nzima mwanga ni ule wa kulala, wa njano, vivuli virefu, na linazama kabla ya saa 10 ya alasiri kwa saa zetu. Mpiga picha wa kule anaipiga baa yake saa tisa, taa za ndani zishawashwa, nje bado kuna mwanga, anazunguka taratibu na koti lake. Sisi mwezi wa saba saa sita mchana jua liko nyuzi 60 na kitu juu, na jioni linashuka wima, halizungukizunguki. Ule mwanga wenyewe hasa, jua likiwa chini ya nyuzi sita, unaupata kama nusu saa hivi basi. Waja leo waondoka leo.

Hata ule ujanja wa kunyoosha mkono na kuhesabu vidole kati ya jua na upeo, kwamba kila kidole ni robo saa, hapa kwetu unadanganya. Nimeupima mara nyingi, vidole vinne ni kama nusu saa tu, kila kidole dakika nane hivi. Ukitumia hesabu ya robo saa unakuta jua limezama wewe bado unakunywa soda.

Ratiba yangu ya mwezi wa saba iko hivi, na ukiona simu inasema 17:00 ndo saa 11 yetu, usichanganye. Saa 11 nimefika, nasalimia. Saa 11 na nusu nishachagua pa kusimama. Saa 12 kasoro robo napiga za kwanza, mwanga bado mkali kidogo lakini ukuta ushaanza kuiva. Kuanzia saa 12 kasoro tano sizungumzi na mtu. Saa 12:20 na kitu jua limeenda, na hapo wengi wanafunga begi, kosa kubwa, ntarudi hapo chini.

Hatua ya sita: kusimama na kubonyeza

Kwa baa inayotazama bahari unavuka barabara, mgongo uwe kaskazini, unaitazama nyumba, jua linakuwa kulia kwako limerudi nyuma kidogo. Halikupigi kwenye lenzi, na kivuli chako kinaangukia kushoto nje ya picha. Usisimame karibu ukitumia lenzi pana ya simu, nyumba itaonekana inaanguka kwa nyuma, nguzo zote zimelala. Rudi nyuma mpaka ng'ambo, tumia ile lenzi ya mara mbili, shika simu wima kabisa bila kuinamisha kichwa chake juu. Barabara nyingi zikiingia kwenye fremu kata baadaye, ila vivuli virefu vya baiskeli kwenye lami usivikate, Tanga baiskeli hazikosekani, subiri moja ipite mbele ya mlango.

Kwenye simu gusa sehemu ya ukuta yenye jua, shikilia mpaka ijifunge, alafu vuta mwanga chini kidogo. Simu inapenda kufanya kila kitu kiwe cheupe, inaogopa giza, ukiiachia ukuta wa samli unakuwa wa maziwa. Ndani ya mlango kukiwa giza acha kuwe giza, baa ndo ilivyo. Kwa kamera mimi naanza ISO 100 (wepesi wa kamera kuona mwanga), apacha f/8 (upana wa tundu la lenzi), shata 1/125 (muda mwanga unaoingia, kwa sekunde), alafu naangalia kioo nashusha au napandisha. Rangi ya mwanga usiweke oto, weka kwenye alama ya jua, ile ya 5500 hivi, kwasababu oto inaona njano inasema hili ni kosa ngoja nilirekebishe, inakufutia jioni nzima. Kama simu yako ina hali ya kitaalamu iko humo humo.

Hatua ya saba: tafuta kitu kimoja, sio baa nzima

Picha ya jengo zima piga, mwenye baa ataitaka. Lakini ukiishia hapo una picha ya hati ya nyumba. Baa jioni ya kipupwe ina mambo yake na hayadumu, na mimi ninalolipenda kuliko yote ni moshi. Saa 12 kasoro jamaa wa mishikaki anawasha mkaa pembeni ya mlango, anapepea na kipande cha boksi, na kusi inatoka mgongoni mwa mji inausukuma ule moshi nje barabarani, unaingia moja kwa moja kwenye jua la ubavu. Hapo vuka barabara, nenda upande wa mashariki wa jiko, angalia kuelekea jua, jifiche nyuma ya nguzo ili jua lenyewe lisiingie kwenye lenzi, utaona miale imesimama kwenye moshi kama kamba. Mkono wake na boksi vinakuwa vyeusi, mafuta yakidondoka kwenye mkaa moshi unaongezeka sekunde mbili tatu, bonyeza hapo hapo. Nimepiga kama thelathini kupata moja. Nilimnunulia boksi jipya, lile la zamani lilikuwa na nembo kubwa ya sabuni.

Chupa nayo. Bia ya baridi ikikaa mezani hewa hii ya unyevu inatoa jasho ndani ya dakika, na mwanga ukipita kwenye chupa ya kahawia unaangusha doa la rangi ya asali kwenye meza ya plastiki. Inama mpaka kamera iwe usawa wa meza. Piga doa, chupa yenyewe hata ikikatika haidhuru. Chupa ikishaishiwa baridi jasho linatiririka na kukauka, agiza nyingine, hiyo gharama ya kazi hahahaha.

Watu waliokubali usiwapange. Ukimwambia mtu tabasamu anakaa kama kitambulisho. Wale wa drafti ndo rahisi, wakishaanza kubishana nani kala kete wamekusahau, piga mikono, piga vizibo vya soda wanavyotumia kama kete, vivuli vyake vinakuwa virefu kuliko vizibo vyenyewe.

Mawingu yakija usikimbie. Kusi inaleta vijimvua vya dakika kumi, vinapita, na vikipita lami imelowa, jua likirudi chini ya wingu unapata baa mbili, moja imesimama na nyingine imelala barabarani. Hiyo haipangwi, ni kuwepo tu.

Hatua ya nane: jua likizama usiondoke

Baada ya saa 12:20 kuna kama dakika ishirini mbingu iko buluu na dada wa kaunta anawasha taa. Dakika ya kumi mpaka ya kumi na tano mbingu na taa zinalingana nguvu, kabla ya hapo taa hazionekani, baada ya hapo mbingu inazidi kuwa nyeusi. Dakika tano hizo. Tuliza kamera kwenye stendi au juu ya kreti, ukiishikilia mkononi pandisha ISO 800, apacha f/4, shata 1/30. Kwenye simu washa hali ya usiku na usipumue.

Ukiona mistari mieusi inatembea kwenye picha ni zile taa za LED za bei rahisi, zinapepesa kufuata umeme, na umeme wetu ni hezi 50, kwahiyo weka shata 1/50 au 1/100 mistari inaondoka au inapungua sana. Hili lilinisumbua miezi nadhani kamera imekufa, nikataka hadi kuiuza.

Na mwombe dada azime ile taa moja nyeupe ya nje, huwa ipo moja, inang'aa kama ya duka la dawa, inaua rangi zote. Mwambie dakika tano tu. Akikataa subiri umeme ukatike (natania, ila ilishatokea, na picha ya mishumaa ilitoka nzuri kuliko zote).

Hatua ya tisa: kurekebisha na kurudisha

Nyoosha nguzo, shusha sehemu zilizong'aa sana, basi. Filta zile za machungwa waachie wanaopiga saa saba mchana. Pitia kila picha ukivuta karibu uangalie nyuma kwenye meza, kama kuna sura ya mtu ambaye hukumwuliza, kata au futa.

Alafu chapisha moja, studio za mjini wanafanya kwa bei ya kawaida tu, umpelekee mwenye baa mkononi, usimtumie kwenye simu. Mama niliyewaambia nilimpelekea ile ya ukuta wake uking'aa kama samli, ya mwezi wa saba, akaitazama muda mrefu, akauliza, "hii ni hapa hapa?" Ameitundika kaunta, chini kidogo ya kibao chake cha MKOPO KESHO, na tangu siku hiyo soda ya kwanza silipi, ya pili nalipa.